Mafuta ya kuotea jua, losheni ya kinga na rangi ya chupa: ipi itampa mgeni rangi bila kumbabua ngozi

Kila mwaka ifikapo Juni, wakati Ulaya inaingia katika majira yake ya joto na sisi huku Jambiani tunaanza kutafuta shuka la pili kwa ajili ya kipupwe, kuna rafu moja katika duka la hoteli ninalolisimamia ambayo huisha bidhaa upesi kuliko nyingine zote. Juu yake zimesimama chupa za aina tatu: mafuta ya rangi ya kahawia yanayonukia nazi, yenye namba ya kinga ya jua (SPF) 6 kwa maandishi madogo, losheni nyeupe nzito ya kukinga jua, yenye namba 30 au 50, na povu la rangi ambalo halihitaji jua hata kidogo. Mgeni huzishika zote kwa zamu, huzigeuza nyuma, kisha huniuliza ni ipi itakayompa rangi nzuri kabla ya siku yake ya kuondoka.

Kwa wengi wetu swali hilo lina ugeni wake, maana tumelelewa kwa kuambiwa tutoke juani, na wapo miongoni mwetu wanaotumia fedha nyingi kununua mkorogo ili waende upande wa pili kabisa wa rangi. Hata hivyo jibu lake linahitajika kila siku na wauza maduka ya pwani, waongoza watalii, wanaokanda wageni ufukweni, na ndugu zetu walioko Hamburg au Toronto ambao wenzi wao wa ndoa hujianika bustanini mara tu mawingu yanapoachia. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao, na sitaficha upande ninaouegemea.

Kwanza ieleweke rangi yenyewe inatoka wapi. Jua hutuletea miale ya urujuanimno (UV) ya namna mbili inayohusika hapa, nayo huitwa UVA na UVB. UVB ndiyo hasa inayounguza na kuifanya ngozi iwe nyekundu, na ndiyo inayoiamuru ngozi itengeneze melanini mpya, yaani rangi ya asili ya ngozi; UVA huzama ndani zaidi, huikoza melanini iliyokuwapo tayari, na kwa muda mrefu ndiyo inayokunja ngozi makunyanzi. Melanini mpya haionekani siku ileile: huchukua siku mbili au tatu kujitokeza, na ngozi huitengeneza kwa sababu chembechembe zake za urithi zimekwisha kudhurika. Kwa hiyo mgeni anayejianika kutwa nzima siku ya kwanza kwa kuwa hajaona mabadiliko yoyote anafanya kosa la mpishi anayeongeza moto kwa sababu sufuria haijachemka bado. Rangi hiyo ikishapatikana, kinga inayompa ni ndogo, sawa na losheni ya namba 3 au 4 tu, na ndiyo maana ushauri wa “pata rangi kidogo nyumbani kwanza ili usiungue Zanzibar” hauna faida ya kutosha kuufuata.

Mafuta ya kuotea jua

Mafuta haya ndiyo yenye historia ndefu. Mabwanyenye wa Ulaya walijificha na jua kwa karne nyingi, kwa kuwa weusi wa jua ulikuwa alama ya mtu wa shamba. Mtindo uligeuka katika miaka ya 1920, likizo za baharini zilipokuwa dalili ya ukwasi, na mwaka 1927 mshonaji mashuhuri wa Paris, Jean Patou, akauza mafuta ya kuotea jua yaliyoitwa Huile de Chaldée, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Tangu wakati huo kazi ya mafuta hayo haijabadilika sana. Ndani yake mna mafuta ya nazi, ya karoti, ya jozi au siagi ya kakao, na pengine kinga kidogo ya namba 6. Kwa utaratibu wa Ulaya namba hiyo ndiyo ya chini kabisa inayoruhusiwa kuandikwa kwenye chupa ya kinga ya jua.

Sifa zake nzuri zipo na sizikatai: yananukia, yanaifanya ngozi ing’ae, hayaachi weupe, nayo huzuia ukavu wa chumvi ya bahari. Lakini rangi anayoipata aliyejipaka ni ya jua, si ya chupa, na angeipata vilevile bila kulipa kitu. Zipo pia chupa zinazojiita za kuharakisha rangi, ambazo hutiwa tirosini, kitu ambacho mwili hukitumia kutengenezea melanini. Hoja hiyo huvutia ikisomwa dukani, ila idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa imeeleza kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi kuwa bidhaa hizo zinafanya kazi zinayoidai, na mimi sijamwona mgeni ambaye zilimtangulizia rangi hata kwa siku moja.

Mafuta yetu ya nazi, yale yanayouzwa ufukweni katika chupa za maji zilizotumika, nayaweka katika fungu hilihili. Ni mazuri mno kwa kukandia mwili jioni na kwa nywele, lakini hayazuii miale kwa kiasi cha kutegemewa, na anayemwambia mgeni kuwa “hii ndiyo dawa ya jua ya asili” anamdanganya, hata kama hakukusudia.

Losheni ya kinga

Hapa ndipo wateja wengi hukosea hesabu. Namba ya SPF hupima kinga dhidi ya UVB. Losheni ya 15 huzuia karibu asilimia 93 ya miale hiyo, ya 30 huzuia karibu 97, na ya 50 karibu 98. Mtu akizitazama namba hizo juujuu ataona tofauti ni ndogo na atachukua iliyo rahisi. Lakini kinachoiumiza ngozi ni kile kinachopita, si kile kinachozuiwa, na kwenye 15 hupita asilimia 7 ilhali kwenye 30 hupita 3, yaani karibu nusu. Kutoka 30 kwenda 50 faida ipo, ila ni ndogo kuliko bei inavyodai.

Namba hizo hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Kwa mwili mzima wa mtu mzima ni kama mililita 35, na kipimo rahisi ninachowaonyesha wageni ni kikombe kidogo cha kahawa, kile cha barazani kisicho na mkono, kilichojazwa pomoni. Wengi hushtuka, kwa sababu wao hutia tone kiganjani na kulisambaza kuanzia mabega mpaka visigino. Anayepaka nusu ya kiasi hicho hapati kinga iliyoandikwa, ndiyo sababu mimi humwelekeza mtu kwenye 50 hata kama 30 ingemtosha: namwachia nafasi ya uvivu wake. Inafaa kupaka dakika chache kabla ya kutoka, kurudia kila baada ya saa mbili, na kurudia tena baada ya kuogelea na kujifuta kwa taulo, hata kama chupa imeandikwa kwamba inahimili maji.

Tazama pia alama ya herufi UVA ndani ya duara. Katika bidhaa za Ulaya duara hilo lina maana kwamba kinga dhidi ya UVA haipungui theluthi moja ya SPF iliyoandikwa. Chupa yenye namba kubwa isiyo na kinga nzuri ya UVA inamzuilia mtu maumivu ya kuungua, ambayo ndiyo kengele yake, halafu inamwacha akae juani saa nyingi huku madhara ya ndani yakiendelea.

Swali linalofuata huwa ni kama losheni hiyo itamnyima rangi. Haitamnyima. Kwa kuwa hakuna inayozuia miale yote, mtu ambaye ngozi yake ina uwezo wa kupata rangi ataipata polepole chini ya namba 30, na itakuwa rangi iliyosambaa sawasawa isiyobambuka. Mwaka uliopita walikuja marafiki wawili, wote wenye ngozi ya ngano na nywele nyeusi. Mmoja alinunua mafuta ya namba 6, mwingine akachukua losheni ya 30 na kuipaka kwa subira ya mtu anayepaka chokaa ukuta. Siku ya pili yule wa mafuta alikuwa mwekundu kama tungule na akasema kwa furaha kwamba ametangulia. Siku ya sita mabega yake yalikuwa yakibambuka vipande vyeupe vyenye pinki chini yake, naye akawa anashinda chumbani amejitanda kanga iliyolowekwa maji, ilhali mwenzake alikuwa na rangi ya asali iliyoshika mpaka miguuni.

Kuna pia uchaguzi baina ya losheni za madini, yaani zenye oksidi ya zinki au ya titani, na zile za kemikali zinazofyonza miale. Za madini hazisumbui ngozi nyepesi na zinafaa watoto, lakini huacha weupe unaoonekana sana kwenye ngozi nyeusi. Za kemikali hupakika vizuri zaidi, ila baadhi ya viambato vyake vimelaumiwa kwa kudhuru matumbawe: Palau ilikataza losheni za namna hiyo tangu Januari 2020, na Hawaii ikakataza kuuzwa kwa zenye oksibenzoni na oktinoksati tangu Januari 2021. Kwa anayekwenda kupiga mbizi Mnemba mimi humwuzia fulana ya mikono mirefu ya kuogelea kabla ya losheni yoyote, kwa sababu mgongo wa anayeelea kifudifudi saa nzima akitazama samaki ndio unaoungua kuliko sehemu nyingine zote, na fulana haitoki majini.

Rangi ya chupa

Aina ya tatu ndiyo pekee inayotoa rangi kwa nguvu zake yenyewe. Ndani yake mna sukari iitwayo dihidroksiasetoni, au kwa kifupi DHA, ambayo hukutana na asidi amino za tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, na kuzigeuza kahawia kwa mmenyuko wa jamii ileile inayokoza gamba la mkate tanuuni. Ugunduzi wake ulikuja kwa bahati. Katika miaka ya 1950 daktari Eva Wittgenstein wa Cincinnati, Marekani, alikuwa akiwanywesha watoto wagonjwa dawa yenye DHA, akaona kwamba ilipowamwagikia ngozi ilipata madoa ya kahawia na nguo zao hazikupata doa.

Nguo zao, nasema, kwa sababu bidhaa za leo ni jambo jingine: nyingi hutiwa rangi ya kuongozea mkono ili mtu aone alikopaka, na rangi hiyo hushika kwenye kitambaa. Asubuhi moja mama anayetufulia mashuka aliniletea shuka jeupe lililokuwa na umbo zima la mtu, mabega, kiuno na miguu, limechorwa kwa hudhurungi. “Mwanangu,” aliniuliza, “huyu mgeni amelala au amejipiga chapa?” Nikamwambia, “Shikamoo, bibi, huyo amejipaka rangi akalala kabla haijakauka.” Tangu siku hiyo kila anayenunua povu namwomba alipake mapema jioni, asubiri likauke, avae nguo nyeusi iliyolegea, kisha aoge kabla ya kulala ikiwa maelekezo ya chupa yanaruhusu.

Namna ya kupaka ndiyo inayotenganisha rangi nzuri na aibu. Mtu ajisugue kwa dodoki siku moja kabla, hasa kwenye magoti, viwiko na visigino, kwa kuwa ngozi kavu na nene hunywa DHA nyingi na kutoa mabaka. Sehemu hizo zipakwe kidogo sana, tena juu ya losheni ya kawaida iliyotangulia. Avae glavu, au aoshe viganja mara moja, la sivyo atakuwa na mikono ya mpakaji hina aliyesahau mchoro. Rangi hujitokeza baada ya saa chache, hukaa takriban siku 3 hadi 7, kisha hutoka pamoja na ngozi inayopukutika, na maji ya bahari, mchanga na klorini ya bwawa huiharakisha kutoka. Ulaya imeweka ukomo wa asilimia 10 ya DHA katika bidhaa hizi. Zilizo na kiasi kidogo ndizo zinazomfaa anayeanza, maana kosa lake halionekani mbali. Wanaopuliziwa kwa mashine saluni wafunge macho na midomo na wasiivute hewa ile, kwa kuwa DHA imeruhusiwa kwa matumizi ya juu ya ngozi na si kwa mapafu.

Kasoro yake kubwa ni moja, nayo huwaponza watu wengi: rangi hiyo haikingi jua. Mtu hujitazama kiooni, akajiona ana rangi ya shaba, akatoka saa sita mchana akidhani ngozi imekwisha kuzoea. Ngozi yake ni ileile aliyopanda nayo ndege, na bado anahitaji losheni ya kinga juu ya rangi hiyo.

Kuhusu vitanda vya taa vya kujibabulia nitasema kwa ufupi, kwa sababu huku kwetu si vya kawaida: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka mwaka 2009 katika kundi la juu kabisa la visababishi vya saratani, na Brazil ikavipiga marufuku mwaka huohuo. Vidonge na sindano za kubadili rangi zinazouzwa mtandaoni hazistahili hata kulinganishwa.

Jua la hapa si jua la kwao

Mtu aliyezoea kukaa juani kwa muda wa saa tatu kwenye bustani ya London bila kuungua huja na hesabu hiyohiyo mpaka Paje, na hesabu hiyo humvunjikia. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta; mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa, na kipimo cha UV hufika 11 na kuzidi, ilhali Uingereza katika kilele cha kiangazi chake ni nadra kupita 8. Julai jua letu limeinama kidogo, lakini ndipo upepo wa kusi unapovuma na kuipoza ngozi hata mtu asihisi kwamba anaungua. Mchanga mweupe huirudisha juu asilimia 15 hivi ya miale, kwa hiyo hata aliye chini ya mwavuli wa makuti hapaswi kuiacha losheni. Kipimo kisichohitaji simu ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko urefu wa mwenyewe, huo si wakati wa kujianika. Anayetaka rangi aitafute kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kwa muda mfupi.

Yapo mambo matatu ambayo muuzaji anapaswa kuyauliza kabla ya kupokea fedha. La kwanza ni dawa: wageni wengi hutumia doksisaiklini kujikinga na malaria, na dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi kuliko kawaida, hivyo anayeitumia asiuziwe mafuta ya kuotea jua kabisa. La pili ni dawa ya mbu, kwani zile zenye DEET hupunguza nguvu ya losheni; kinga ya jua hupakwa kwanza, dawa ya mbu hufuata juu yake. La tatu ni ndimu. Mgeni aliyekamua ndimu kwenye kinywaji chake akiwa juani, juisi ikamtiririkia mkononi, anaweza kuamka kesho yake na malengelenge na baadaye michirizi myeusi inayodumu wiki nyingi.

Nani achukue ipi

Mwenye nywele nyekundu, madoadoa usoni na ngozi ambayo huwa nyekundu tu bila kukoza hana rangi ya kupata juani, hata akae mwezi mzima. Huyo nampa losheni ya 50+, kofia, na povu kama rangi ni lazima. Mwenye ngozi ya ngano anayekaa siku kumi na kuwa na subira, namba 30 iliyopakwa kwa kipimo cha kikombe cha kahawa itamtosha, na 50 kwa pua, masikio na mabega. Anayekuja kwa harusi ya siku tatu na anataka picha, ajipake povu kwao siku moja au mbili kabla ya kusafiri, akiwa na bafu lake na mashuka yake mwenyewe, kisha huku atumie kinga tu. Mafuta ya namba 6 sina mtu ninayempendekezea. Nayaweka kwa sababu mwenye duka anataka yawepo, na nimeyasogeza nyuma kabisa ya rafu.

Watoto wavae nguo na wapakwe losheni ya madini. Ndugu zetu wenye ualbino hawamo katika ulinganisho huu wa urembo, kwa kuwa kwao losheni ni dawa ya kila siku. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni maalumu kwa ajili yao, na anayemjua mhitaji amwelekeze huko au kwenye kliniki ya ngozi iliyo karibu badala ya kumwuzia chupa ya kitalii kwa bei ya kitalii.

Na kabla ya kununua chupa yoyote, popote, igeuze. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi na mchoro wa kopo lililo wazi wenye maandishi kama 12M, yaani miezi ya kutumika tangu kufunguliwa. Kisha itikise na utoe tone moja: losheni iliyokaa dirishani ikipigwa na jua hujitenga, maji yakatoka kwanza na uji mzito ukafuata, na ikifika hapo namba iliyoandikwa nje haiwezi kutegemewa tena.